Gang of Four na gitaa lisilobembeleza

Aliyelelewa na gitaa la Franco au la Mbaraka Mwinshehe ana jambo analolingoja: wimbo ufike pale waimbaji wanaponyamaza, gitaa lishike usukani, watu wainuke vitini. Akiiweka Entertainment!, albamu ya kwanza ya Gang of Four iliyotoka 1979, atangoja mpaka achoke. Pale anapotarajia solo, mpiga gitaa Andy Gill anaacha kupiga. Besi na dramu zinakwenda zenyewe, kisha gitaa linarudi na pigo moja kavu na kukatika tena.

Bendi ilizaliwa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Gill na mwimbaji Jon King walikuwa wanafunzi wa sanaa chuo kikuu. Jina walilichukua kwa wale vigogo wanne wa China waliokamatwa baada ya kifo cha Mao. Dave Allen alishika besi, Hugo Burnham dramu. Karl Marx walimsoma, na hawakuficha. Lakini kutia siasa kwenye mashairi si kazi kubwa. Nani hawezi kuimba kwamba mfanyakazi ananyonywa? Wao waliitia kwenye mpangilio wa vyombo.

Katika roki ya siku zile gitaa lilikuwa bwana mkubwa, besi na dramu zikilibebea mizigo. Hapa hakuna anayembebea mwenzake. Mara nyingi besi ya Allen ndiyo yenye wimbo, nayo imejaa fanki. Burnham hamwagi matoazi ovyo kuziba mapengo. Gill analichapa gitaa kama chombo cha mdundo, mtindo aliousikia kwa Wilko Johnson wa bendi ya Dr. Feelgood, tena kupitia amplifaya za transista, maana zile za valvu huipa sauti joto na utamu, na yeye utamu hakuutaka. Kutoka kwenye muziki wa dabu wa Jamaika walijifunza kukiondoa chombo katikati ya wimbo bila kuomba radhi. Hata melodika anayoipuliza King ilitoka huko.

Wimbo wa kuusikiliza kwa makini ni "Anthrax". Unaanza na gitaa lililoachwa livume lenyewe mbele ya spika, likilia na kukwaruza kwa muda mrefu kabla mtu hajatamka neno. Dramu zinaingia, besi inafuata. Ndipo King anaanza kuimba mapenzi yaliyomwangusha kama ugonjwa wa kimeta, na wakati huohuo Gill anaongea, kwa sauti ya mtu anayesoma kumbukumbu za kikao, akihoji kwa nini bendi zimeng'ang'ania nyimbo za mapenzi. Huwezi kuwafuata wote wawili. Ukimshika mmoja, mwingine anakuponyoka. Hoja imo humohumo, katika jinsi sikio linavyovutwa huku na huku.

Ukaidi wao ulikuwa na gharama. Mwaka 1979 walialikwa Top of the Pops, kipindi cha BBC kilichoweza kuifanya bendi ijulikane nchi nzima kwa usiku mmoja. Wakatakiwa kubadili neno lililohusu kondomu; wakakataa, wakaondoka. Mwaka 1982, vita vya Falklands vilipoanza, BBC ikaacha kupiga "I Love a Man in a Uniform". Ajabu ni kwamba huo ndio wimbo wao wa kuchezeka kuliko zote.

Hard, albamu yao ya 1983, siipendi. Allen na Burnham walikuwa wameshaondoka, sauti imelainishwa, kila nafasi imejazwa. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika, na Gill akaitayarisha albamu ya kwanza ya Red Hot Chili Peppers.

Wanne wa mwanzo walikutana tena miaka ishirini baadaye. Jukwaani King alikuwa akiiponda maikrowevu kwa gongo, na si kwa fujo: kila pigo lilikaa mahali pake kwenye mdundo, mpaka chombo kizima kikabonyea. Mwaka 2005 walizirekodi upya nyimbo zao za zamani katika Return the Gift. Dramu ni nene zaidi, studio ni bora, mikono imekomaa. Hata hivyo, mimi bado naweka ile ya 1979, kwa sababu dramu zake nyembamba zinaacha nafasi kubwa zaidi kati ya pigo na pigo.