Vina navyo hujibizana

Mpe mwanafunzi wa kidato cha nne shairi la majibizano alichambue, naye atakuandikia: mizani ni 8 kwa 8, vina vinabadilika, bahari ni ukaraguni. Haya, alama amepata. Lakini je, kati ya wanaojibizana, nani anamlemea mwenzake? Hapo kimya.

Nimetunga mishororo mitatu ya mfano:

Mpangaji: Bwana nipe siku mbili, kodi yote nitaleta.
Mwenye nyumba: Uliomba siku mbili, leo sita zimepita.
Mpangaji: Mbona paa linavuja, na hujaja kuliziba?

Mizani imetimia. (Tafadhali, "mbona" ni mizani mbili, si tatu, m hiyo haisimami peke yake kama ile ya "mtu".) Mwenye nyumba amevishika vina vya mwenzake, li na ta, kisha akamrudishia "siku mbili" zake. Takriri hiyo si pambo, ni kejeli. Anamfunga mtu kwa kamba aliyoileta mwenyewe. Mpangaji angeng'ang'ania vina hivyo, angebaki mdaiwa tu. Anaviacha, anaingia ja na ba kwa swali la balagha, na mara mdai ndiye anayedaiwa jibu. Katika shairi kamili badiliko hilo lingetokea baina ya ubeti na ubeti, nasi tungeliita ukaraguni tukapita, ilhali hapo ndipo kesi ilipogeuka.

Mathias Mnyampala, aliyeipa ngonjera umaarufu Tanzania kwa *Ngonjera za UKUTA*, aliitumia kufunza siasa ya Ujamaa. Ngonjera ya aina hiyo huelekea maafikiano: asiyejua huelimishwa, mwishowe akakubali. Lakini si kila majibizano yana mwalimu na mwanafunzi. Abdilatif Abdalla, katika *Sauti ya Dhiki* (1973), mashairi aliyoyatunga gerezani, ana "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi. Wasomaji wengi wameuona mnazi huo kuwa Kenya baada ya uhuru. Mchambuzi anayehesabu mizani na kuishia hapo amehesabu nazi bila kuuliza nani yuko juu ya mti.

Mimi ningemtaka mwanafunzi aandike vina vya Alii upande mmoja wa karatasi na vya Badi upande wa pili, kisha anieleze ni wapi mmoja anamfuata mwenzake na ni wapi anakataa kumfuata.