Wimbo wa Mwanzo na Haki ya Kusimulia Asili: Mjadala wa Mashabiki kuhusu Tamthilia ya Enterprise

Makala haya yanashughulikia ugomvi ambao wahakiki wengi wa fasihi wangeuona mdogo mno kustahili kikao cha kongamano: mashabiki kubishana juu ya wimbo unaofungua tamthilia ya televisheni. Tamthilia yenyewe ni Enterprise, iliyoanza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 26 Septemba 2001 katika kituo cha UPN, na ambayo ni mojawapo ya matawi ya bunilizi ya kisayansi iitwayo Star Trek. Matukio yake yanaanza mwaka 2151, takribani karne moja kabla ya safari za Kapteni Kirk zilizoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Kwa maneno mengine, ni kazi iliyotungwa baada ya wenzake lakini inadai kuwatangulia. Kwa kuwa Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya istilahi ya kazi za namna hii, nitaiita tamthilia tangulizi. Hoja yangu ni kwamba ugomvi juu ya wimbo na ugomvi juu ya utangulizi huo ulikuwa ugomvi mmoja, na kwamba mashabiki waliouendesha walikuwa wakifanya kazi ya uhakiki hata pale walipozitaja sababu zisizo sahihi.

Tuanze na kilichowakera. Tangu mwaka 1966 kila tamthilia ya Star Trek iliyoigizwa na watu ilifunguliwa kwa muziki usio na maneno. Alexander Courage aliitungia ile ya kwanza muziki wa ala ambao, katika baadhi ya mipangilio yake, ulipambwa kwa sauti ya mwanamke isiyotamka neno lolote. Jerry Goldsmith alitunga muziki wa filamu ya 1979, ambao baadaye ulichukuliwa kufungulia tamthilia ya 1987. Dennis McCarthy akafuata mwaka 1993, kisha Goldsmith tena mwaka 1995. Ni kweli kwamba Gene Roddenberry, mwasisi wa Star Trek, aliandika maneno ya kuambatana na muziki wa Courage. Maneno hayo hayakuwahi kuimbwa katika tamthilia, ila yalimpatia Roddenberry nusu ya mirabaha ya mtunzi. Ukimya huo uliuzwa ghali, lakini kwa msikilizaji uliendelea kuwa ukimya.

Enterprise iliuvunja. Ilifunguliwa kwa wimbo wenye beti na kiitikio uliotungwa na Diane Warren na kuimbwa na Russell Watson, mwimbaji wa Uingereza. Isitoshe, haukuwa wimbo mpya: Rod Stewart alikwisha kuurekodi kwa ajili ya Patch Adams, filamu ya 1998 inayohusu daktari mcheshi. Mashabiki walikusanya saini za kuupinga. Wapo waliosema umeazimwa kama nguo ya harusi ya jirani; wapo waliosema mtindo wake ni wa redio za mapenzi na hauna nafasi miongoni mwa nyota; wapo waliokataa tu kwamba una maneno. Watetezi nao walijibu kwamba tamthilia hii inahusu binadamu wa mwanzo kabisa katika safari hizo, watu wanaotukaribia sisi kuliko Kirk, na kwa hiyo inafaa wafunguliwe kwa sauti ya zama zetu.

Sababu zote tatu za wapinzani ni dhaifu. Kuazima si kosa, kwa kuwa muziki wa tamthilia ya 1987 nao uliazimwa kutoka katika filamu bila malalamiko ya kiwango hicho. Mtindo ni suala la sikio la mtu. Na maneno peke yake hayaharibu kitu: tamthilia za 1966 na 1987 zilikuwa na maneno mwanzoni, yale yanayosemwa na kapteni juu ya muziki kueleza chombo ni kipi na kinakwenda kufanya nini. Hata hivyo sikio la wapinzani halikuwadanganya. Palikuwa na kasoro, na tunaweza kuionyesha kwa zana ya kawaida kabisa ya isimu, yaani nafsi.

Maneno ya kapteni yanahusu chombo na waliomo. Msemaji hajitaji. Wimbo wa Warren, kinyume chake, umejengwa wote juu ya nafsi ya kwanza umoja: ni mimi, moyo wangu, imani yangu, na kwa upande wa pili wapo "wao" wanaotaka kunizuia. Hautaji chombo, hautaji wenzi wa safari, hautaji anga isipokuwa kwa sitiari. Katika filamu ya daktari mmoja anayepambana na taasisi, nafsi hiyo imekaa mahali pake. Mbele ya tamthilia ambayo tangu mwanzo wake imejinadi kuwa habari ya jamii ya watu walioacha kugombana, inabadilisha mkataba na mtazamaji kabla hata mhusika wa kwanza hajafungua kinywa.

Msomaji wa tendi za Kiswahili anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Watunzi wetu wa kale nao walifungua kwa nafsi ya kwanza: baada ya kumtaja Mungu na kumsifu Mtume, mtunzi humwomba mtu amletee karatasi na wino ili aandike. Lakini "mimi" wa utendi ni karani. Anajitaja ili ajiweke chini ya habari anayokwenda kuisimulia, na akishaketi na kalamu yake huwaachia uwanja mashujaa. "Mimi" wa wimbo wa Enterprise ndiye shujaa mwenyewe, na hana habari nyingine ya kusimulia ila ushindi wake. Nafsi ya kisarufi ni ileile. Kazi yake katika ufunguzi ni tofauti kabisa.

Kilichofuata kinathibitisha kwamba watayarishaji walisikia kelele bila kusikia hoja. Katika msimu wa tatu wimbo ulipangwa upya, ukapewa mwendo wa kasi zaidi na mapigo yenye nguvu. Ngoma ilibadilishwa, nafsi ikabaki. Ugomvi haukuisha, na haikupasa kushangaza.

Hadi hapa nimezungumzia sauti. Jambo linalonisumbua zaidi, na ambalo mjadala wa wimbo ulilifunika, ni picha zilizokwenda na sauti hiyo. Ufunguzi wa Enterprise ni msururu wa mababu. Tunaiona merikebu ya matanga yenye jina lilelile, ndugu wa Wright na ndege yao, Amelia Earhart, Robert Goddard na roketi zake, Chuck Yeager, Alan Shepard, nyayo za mwezini, kigari cha Sojourner kilichotua Mirihi mwaka 1997, kisha vyombo vya kubuni hadi kufikia Enterprise yenyewe. Historia halisi inaunganishwa na ya kubuni bila mshono kuonekana. Katika msururu huo Yuri Gagarin, binadamu wa kwanza kufika anga za juu, hayumo. Sputnik haimo. Tamthilia ya 1966, iliyotengenezwa vita baridi vikiwa vimepamba moto, iliona vema kumpa Mrusi kiti cha uendeshaji katika msimu wake wa pili. Tamthilia ya 2001, vita hivyo vikiwa vimekwisha, ilimwondoa Mrusi katika ukoo.

Sisi tuna jina la utanzu unaofanya kazi hii. Ni nasaba. Tarikh ya Kilwa, iliyotufikia kwa Kiarabu na pia kupitia kwa mwandishi Mreno João de Barros katika karne ya 16, inaeleza kwamba mji uliasisiwa na watu kutoka Shirazi. Katika nakala ya Kiarabu ni mfalme na wanawe sita, wakiwa katika merikebu saba. Wanahistoria wa pwani, Derek Nurse na Thomas Spear wakiwamo, wamezisoma simulizi za Washirazi kuwa zinatueleza zaidi kuhusu jamii iliyozisimulia, na nafasi iliyoitaka, kuliko kuhusu safari ya majini yenyewe. Nasaba huandikwa na wajukuu. Tamthilia tangulizi ni nasaba kwa maana hiyohiyo, na mtu anayeihakiki aanze kwa kuuliza maswali ambayo mwanahistoria huiuliza tarikh: imeandikwa lini, kwa faida ya nani, na nani ameachwa nje ya merikebu.

Kwa mtazamo huu tabia ya mashabiki inaeleweka vizuri zaidi. Walilalamika kwamba Wavulkani wa Enterprise ni wafitini ilhali uzao wao unajulikana kwa unyofu. Walihoji paji za uso za Waklingoni, zilizokuwa laini katika tamthilia ya 1966 na kuota matuta kuanzia filamu ya 1979, ambazo sasa zilionekana zina matuta karne moja kabla ya Kirk. Ni rahisi kucheka, na wengi walicheka. Lakini huyo ni msomaji wa tarikh anayelinganisha nakala mbili na kudai maelezo, na mwaka 2005 watunzi walilazimika kuyatoa katika sehemu mbili mfululizo. Hata jina lilikuwa na historia: misimu miwili ya kwanza tamthilia iliitwa Enterprise tu, na katika msimu wa tatu jina la ukoo, Star Trek, likarejeshwa mbele yake.

Ushahidi bora kwamba watayarishaji wenyewe walielewa uzito wa ufunguzi uko katika msimu wa nne. Katika sehemu mbili ziitwazo In a Mirror, Darkly, zinazosimulia ulimwengu mwingine ambamo binadamu ni madhalimu, ufunguzi wote ulibadilishwa. Picha za wagunduzi zikawa picha za vita na silaha. Wimbo ukaondolewa na muziki wa ala ukashika nafasi yake. Badilisha mababu, na kizazi kinabadilika. Ni ufunguzi ulio bora kuliko wa kawaida, nami nasema hivyo kwa majuto, maana unawapa madhalimu muziki ambao wapinzani wa wimbo waliutamani kwa wema.

Sehemu ya mwisho, iliyoonyeshwa Mei 2005, iliharibu kilichokuwa kimetengenezwa. Habari ya mababu ilisimuliwa kama maigizo yanayotazamwa na afisa wa tamthilia ya 1987, mjukuu akipitia kumbukumbu ili apate ushauri wa jambo lake. Baada ya misimu 4 na sehemu 98, wahenga waligeuzwa kielelezo.

Kiswahili kina hisa katika nasaba hii, na si ya kutafutwa kwa tochi. Jina la Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, limetokana na neno uhuru, na katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, anasemeshwa Kiswahili. Enterprise ilimpa Uhura mtangulizi wa kazi, Hoshi Sato, aliyeigizwa na Linda Park. Hoshi ni mtaalamu wa isimu: kapteni anamfuata Brazili anakofundisha na kumshawishi kwa kumsikilizisha lugha asiyoijua. Hili ni jambo kubwa. Katika filamu ya 1991 Uhura na wenzake walionyeshwa wakipekua vitabu ili waunge sentensi mbovu za Kiklingoni, kana kwamba afisa wa mawasiliano hahitaji lugha. Baada ya Hoshi haikuwezekana tena kuona hivyo. Uhura wa filamu ya 2009 ni mwanaisimu, na yule wa Strange New Worlds ya 2022, nayo tamthilia tangulizi, ni mwanafunzi aliyekulia Kenya anayezungumza lugha 37, ambaye anapata kusikilizana na nyotamkia kwa kuvumisha wimbo. Ufunguzi wa tamthilia hiyo, uliotungwa na Jeff Russo, hauna wimbo wenye maneno. Hapa tangulizi imefanya ambacho nasaba njema hufanya: imempa mjukuu urithi aliokuwa amenyimwa. Nashangaa kwamba wimbo ulipata maelfu ya maneno ya mabishano na Hoshi akapata machache.

Wenye kusimamia sera ya lugha na utangazaji katika nchi zetu huzungumzia tamthilia za kigeni kwa saa za vipindi na gharama za kuingiza sauti. Ufunguzi kwa kawaida huachwa katika lugha yake, kama karatasi ya kufungia bidhaa. Napendekeza miongozo ya tafsiri iuhesabu kuwa matini, na mfasiri alipwe kwa kuufanyia kazi. Anayeuleta wimbo wa Warren katika Kiswahili atakutana mara moja na kiambishi cha nafsi. Akiweka ni-, amemwachia shujaa mmoja njia nzima. Akiweka tu-, amewapandisha chomboni watu ambao picha zilizo mbele yake hazikuwapa nafasi, na itambidi aamue kama ana idhini hiyo.