Breki Inapolia Baada ya Pedi Mpya

Mtu akibadilisha pedi za breki mwenyewe nyumbani, akafunga magurudumu, akashusha jeki na kuingia barabarani, hukumu ya kwanza huitoa kwa sikio. Gari likiwa kimya, kazi ni nzuri. Likilia, ama pedi ni feki ama kazi imeharibika. Kipimo hicho ni chepesi, ndiyo maana kimeenea, lakini kinapotosha pande zote mbili. Breki iliyofungwa kwa ustadi inaweza kulia siku za mwanzo bila kosa la mtu yeyote, na iliyofungwa ovyo inaweza kukaa kimya miezi mingi huku pedi moja ikiliwa hadi kwenye chuma. Anayetaka kuitambua kazi nzuri ya breki aulizie sauti hiyo hutokea lini, hubadilishwa na nini, na kama inapungua siku hadi siku au imeganda palepale. Sauti inayojibu maswali hayo matatu ina thamani kuliko ukimya usioeleweka.

Mlio wa breki ni mtetemo. Pedi inapobanwa kwenye diski inayozunguka hushika, ikateleza, ikashika tena, na hilo hutokea mara maelfu kwa sekunde, hadi diski nzima ikaimba kama glasi inavyoimba kidole chenye maji kikizungushwa ukingoni mwake. Filimbi ile nyembamba hupita mitetemo 1,000 kwa sekunde. Mngurumo mzito wa gari linalokaribia kusimama uko chini ya hapo. Tatizo lenyewe ni kongwe kama breki za diski. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya aina hiyo mwaka 1902, na pedi zake za shaba zilipiga kelele zisizovumilika, mpaka mwaka 1907 Herbert Frood alipopendekeza zivikwe asbesto. (Asbesto ilikuja kujulikana kuwa adui wa mapafu, na pedi za zamani bado zinaweza kuwa nayo. Kwa hiyo vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Liloweshwe, lifutwe kwa tambara.) Dawa ya Frood inaweza kumfanya mtu aamini kwamba mlio ni suala la pedi imetengenezwa kwa kitu gani. Mbona basi pedi za boksi moja hukaa kimya kwenye gari hili na kulia kwenye gari la jirani, la aina ileile? Jibu liko mahali pedi inapokaa, na hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana.

Anza na masikio ya pedi, zile ncha mbili za chuma zinazoingia kwenye braketi. Braketi ikiwa na kutu chini ya vibati vyembamba vinavyoyashika masikio hayo, kutu huvisukuma juu, na nafasi ya pedi hupungua kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Anayefanya kazi kwa haraka hugonga pedi kwa nyundo mpaka ikaingia. Anayeijua kazi hung'oa vibati, hupiga brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, huvirudisha au huweka vipya, kisha huitelezesha pedi kwa vidole viwili tu. Pedi iliyoingizwa kwa nyundo haitarudi nyuma dereva akiachia breki. Itaendelea kukwaruza diski, ikipasha gurudumu moto. Geukia pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi na kuteleza juu ya pini hizo. Ichomoe moja, uitazame: iwe laini, haina michubuko, na ukiirudisha tunduni iingie kwa kusukumwa na kidole, ikisindikizwa na pumzi ndogo ya hewa kutoka kwenye mpira wake. Magari mengi yana pini mbili zisizo pacha, moja ina pete ya mpira na nyingine haina, na kuzibadilishana ni kosa linalojificha kwa muda mrefu. Grisi yake iwe ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mpira na kuikwamisha pini iliyokusudiwa kuteleza. Mwisho ni uso wa habu, pale diski inapokaa, ambao wengi hawaugusi kabisa. Kwenye magari mengi madogo diski hairuhusiwi kuyumba zaidi ya takribani milimita 0.05, na punje ya kutu iliyobanwa kati ya habu na diski yatosha kuvuka mpaka huo. Sauti yake utaitambua, kwa kuwa huja mara moja kila mzunguko wa gurudumu na huongeza kasi pamoja na gari.

Sasa fikiria kazi iliyoruka hayo yote ikatokea kuwa kimya. Pini ikikwama, kalipa haisogei. Pistoni husukuma pedi ya ndani peke yake, na ya nje inabaki bila kazi. Hakuna mlio. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma unaogusa diski na kupiga yowe zinapobaki milimita mbili au tatu, ila si pedi zote zinazouzwa zina ulimi huo, na zile zilizo nao zinaweza kufungwa upande usio wake. Mwenye gari hufurahia utulivu ule mpaka chuma kikutane na chuma.

Wapo watakaosema nyumba za spea zimejaa bidhaa za bandia, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na kwamba lawama iende huko. Pedi mbovu zipo, bila shaka. Lakini dai hilo linapimika: pedi zikiwa bado mpya, na kama umbo lake linaruhusu, hamisha za kulia ziende kushoto. Mlio ukihama nazo, pedi ndizo zenye kosa. Ukibaki kwenye gurudumu lilelile, pedi nyingine ya bei kubwa haitasaidia kitu.

Wengine watasema kelele huisha zenyewe. Kweli, baadhi huisha. Kutu ya asubuhi, hasa kwenye unyevu wa pwani au baada ya kuosha gari, hufutika kwa kukanyaga breki mara chache. Pedi mpya nazo zinahitaji kupaka diski utando mwembamba wa nyenzo zake, na njia nzuri ni kupunguza mwendo taratibu kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 hivi, mara kadhaa, kwenye barabara tupu, bila kusimama kabisa, kisha kuendesha kidogo bila breki ili zipoe. Mlio wa aina hiyo hupungua. Usiopungua baada ya hapo hausubiriwi. Wala haufunikwi kwa kumwagia mafuta au kupaka grisi kwenye uso wa pedi, jambo ambalo ni hatari tupu. Grisi ya breki hupakwa kidogo mgongoni na masikioni basi. Msasa unasaidia pale tu uso wa pedi ulipong'aa kwa joto, nao ukirudi kung'aa, chanzo bado kipo.

Kabla ya safari ya kwanza pedali ikanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama, maana pistoni imerudishwa nyuma na mkanyago wa mwanzo utazama bila breki kushika. Kishindo kimoja kila unapokanyaga huashiria kibati kilichosahaulika au bolti isiyokazwa. Msago wa chuma unataka gari lisimame hapohapo. Na ukimpa fundi kazi hii, mwambie akurudishie pedi za zamani, uzipange jozi kwa jozi. Zikiwa na unene sawa ndani na nje, alifunga kwenye mfumo uliokuwa unasogea vizuri. Moja ikiwa imekwisha na mwenzake imebaki nene, au zimelika kwa mshazari, muulize alifanya nini na pini na braketi, kwa sababu zisipoguswa, pedi mpya zitalika vivyo hivyo.