Neno "Mtandao" na Hasara ya Mwenye Duka

Kanuni ya kwanza ya kazi ya istilahi ni kwamba dhana moja ipewe jina moja, na jina moja lisibebeshwe dhana nyingi. Kanuni hiyo huvunjwa kila siku madukani, na neno linalotumika kuivunja ni "mtandao".

Neno lenyewe halina kosa. Limetokana na kitenzi "tanda", nalo lilipopewa kazi ya kutaja intaneti na mawasiliano ya simu lilikaa vizuri mdomoni. Taabu ni kwamba sasa limekuwa jina la kila kinachoharibika. Tuchukue mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002, ambako barabara za Arusha, Singida na Dodoma hukutana. Wakala wa fedha za simu, muuza pembejeo anayetoa risiti kwa mashine ya kodi, kijana wa steshenari, wote humjibu mteja kwa sentensi moja: "Mtandao hakuna." Lakini huenda umeme umekatika na betri za mnara zimekwisha. Huenda mikongo ya baharini imekatika, kama ilivyokatika ile ya EASSy na Seacom tarehe 12 Mei 2024, intaneti ikadorora nchini. Huenda mitambo ya kampuni imesimama, au laini ya wakala imefungwa, au simu yake mwenyewe imejaa. Haya ni mambo matano, na kila moja lina dawa yake. Betri ya ziada haiungi mkongo uliokatika baharini, wala laini ya kampuni ya pili haifufui simu iliyokufa. Mwenye duka asiye na majina matano hununua dawa moja kwa maradhi yote, na fedha yake hupotea.

Wafasiri nao wamemletea msamiati wa ofisini. Siku hizi husemwa "usimamizi wa vihatarishi vya TEHAMA". Kwa umbo lake, "kihatarishi" ni kitu kinachohatarisha: mwizi, waya mbovu, nywila iliyoandikwa ukutani. Dhana inayotakiwa hapa ni pana zaidi, nayo ni uwezekano wa kupata hasara, pamoja na kiasi cha hasara hiyo. Yafaa "kihatarishi" kibaki kuwa chanzo, na uwezekano uitwe "hatari ya hasara", maneno ambayo mfanyabiashara hahitaji kufafanuliwa.

Kosa zito zaidi limo katika kutafsiri sifa ya mtambo usiomwangusha mtumiaji wake. Mfasiri akiandika "utegemezi wa mfumo", amesema kinyume. Mtegemezi ni yule anayeegemea. Kinachoweza kuegemewa hutegemeka. Walimu wa kauli ya kutendeka watatuunga mkono kwamba neno ni "kutegemeka", au "utegemekaji" kama nomino inadaiwa. Duka linaweza kuwa na utegemezi mkubwa kwa mashine yenye utegemekaji mdogo, na hapo ndipo hatari ilipo. Serikali yenyewe iliyaonja hayo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya hesabu za Serikali kuvurugika, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. (Mwenye duka wa leo hana uwezo wa kupiga marufuku mashine ya kodi.)

Kwa nakala inayowekwa ili kumbukumbu zisipotee, wengine husema "chelezo", wengine "nakala rudufu". "Chelezo" ni neno zuri la mabaharia, lakini "nakala ya akiba" hueleweka papo hapo, tena hubeba sharti lake. Mkulima wa mbaazi wa Babati haiweki mbegu ya mwakani katika gunia analolipeleka sokoni. Vivyo hivyo nakala iliyomo katika kompyuta ileile si akiba.

Lililo baya kuliko yote ni lugha ya matangazo: "Kutokana na changamoto za kiufundi, huduma hazipatikani. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Katika sentensi hizi hakuna aliyetenda jambo. Usumbufu umejitokeza wenyewe, mithili ya uyoga baada ya mvua, na "changamoto", neno lililotokana na kuchangamka, limegeuzwa shuka la kufunikia uharibifu. Wakala aliyekabidhi fedha taslimu kabla ya ujumbe kuingia atamdai nani kwa maneno hayo? Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria zetu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawawekea wajibu wote wanaokusanya taarifa za watu. Maneno haya basi yatapimwa mbele ya hakimu. Tangazo halina budi kutaja kilichoharibika, ni cha nani, na tangu saa ngapi. Vitenzi tunavyo: kukatika, kusimama, kufungwa, kuharibika, kujaa.

Limebaki "floti", ambalo mawakala hulitumia kwa salio la kufanyia kazi. Wapo watakaotaka lifukuzwe kwa kuwa ni la kigeni. Tusifanye haraka. Katika msamiati wote wa kibanda cha wakala, hilo lina maana moja tu, na hulitaja kwa shilingi kamili.