Kunguru wa Methali na Kunguru wa Kariakoo

Methali isemayo "Kunguru hafugiki" hutumika kwa mtu asiyetulia hata akitendewa wema. Fasiri nyepesi ingedai kwamba chanzo chake ni ndege wa porini amwepukaye binadamu. Atakayeshika fasiri hiyo atatatizwa Kariakoo, ambako kunguru hutua karibu na meza ya samaki, hungoja matumbo yatupwe, kisha huyanyakua mbele ya mwenye kisu.

Kwanza yapasa kutenganisha ndege wawili waitwao kwa jina moja. Kunguru wa asili, Corvus albus, ana weupe kifuani na shingoni. Aliyeenea mjini ni Corvus splendens, mwenye shingo ya kijivujivu, ambaye asili yake ni Bara Hindi. Huyu aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, akaenea hata bara, na mijini akamsukuma kando yule wa asili. Kamusi isiyowatenga humwacha msomaji gizani, kwani yamkini aliyezaa methali siye anayeonekana leo juu ya paa.

Kunguru huyu mgeni haishi mbali na watu. Jalala ni shamba lake, na hata vipande vya waya huvifanya kiota. Je, methali imekwisha kuwa uongo? La. Mnyambuliko wa -ik- hapa waonyesha uwezekano, na kinachokanushwa ni uwezekano wa kufugwa. Kuzoea ni jambo jingine. Mwenye kufuga hulisha, hulinda na humiliki. Kunguru wa sokoni amezoea mkono utupao matumbo, wala hana bwana. Mtu akiinama kuokota jiwe, huruka mara moja, na hapo methali ya pili, "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake," inathibitika.

Tofauti hiyo ina uzito nje ya sarufi pia. Dar es Salaam imekwisha kuwatega kunguru kwa vizimba na kwa nyama yenye sumu. Desturi ya kazi hiyo ni kuwawekea kwanza nyama salama mpaka wazoee, ndipo sumu itiwe. Hivyo mazoea yaliyoanzishwa na taka za mji ndiyo yanayotumiwa kuwaangamiza.

Kwa hiyo mwalimu wa methali asiwaambie wanafunzi kwamba kunguru amebadilika hata methali ikachakaa. Awapeleke sokoni, kisha awaulize: ndege huyu amefugwa, au amezoea?