Pongezi kwa Mafundi wa Gerezani

Gari inayozima kila ukisimama kwenye taa inatesa, maana barabarani inakimbia vizuri tu. Mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, nawavulia kofia kwa namna wanavyolisaka tatizo hili. Fundi mzuri hakimbilii kukuuzia plagi. Anaiacha injini iungurume, anasikiliza sailensi, yaani mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta.

Injini nyingi ndogo za petroli hukaa sailensi kwenye mizunguko kama 700 hadi 800 kwa dakika. Ukiachia pedeli ya mafuta, throto inajifunga na hewa inabaki na kinjia chembamba. Masizi yakikiziba, injini inakosa pumzi. Au mpira wa vakyumu umepasuka, hewa isiyopimwa inaingia na kuharibu mchanganyiko. Fundi anabana mpira mmoja mmoja kwa koleo, akisubiri mngurumo ubadilike. Hata busta ya breki haisahau: utando wake ukitoboka, kule kukanyaga breki kwenyewe kunaweza kuizima gari.

Wapo waliojifunza wakiwa saidia fundi, wakishika tochi na kuosha vipuri. Leo wana mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na bado hawafungui pochi ya mteja mpaka sikio na mkono vithibitishe. Hongereni sana, mafundi wetu!