Koo la Jenny Lind lilivyotengenezwa bila kisu

Neno lililomliza mwimbaji Jenny Lind wa Sweden kiangazi cha mwaka 1841 mjini Paris lilikuwa dogo sana: "tena". Mwalimu wa kuimba Manuel García alimsikiliza akiimba kipande cha opera ya Lucia di Lammermoor, sauti ikamkatikia njiani, kisha akamwambia kwamba hana sauti tena na kumfundisha ni kazi bure. Wasimulizi wengi wa baadaye wakaliangusha neno hilo, wakaandika tu kwamba aliambiwa hana sauti. Kwa fundi, hizo ni hukumu mbili tofauti. Asiye na sauti hafundishiki. Aliyekuwa nayo ikamwondoka, kuna kitu alichokuwa akikifanya hadi ikaondoka, na kitu hicho kinaweza kuchunguzwa.

Binti huyo alikuwa na umri wa miaka 20. Alizaliwa Stockholm Oktoba 1820, akaingizwa shule ya tamthilia ya kifalme akiwa na miaka tisa, na Machi 1838, hata 18 hajatimiza, akaimba sehemu ya Agathe katika Der Freischütz. Usiku mmoja ukamfanya nyota wa mji. Kuanzia hapo akatwishwa sehemu nzito moja baada ya nyingine, Euryanthe, Robert le Diable, Lucia, Norma, na mafunzo aliyokuwa nayo hayakutosha mzigo huo. Sauti ilipoanza kupwelea akaamua kwenda Paris kwa mwalimu bora. Paris ilitaka fedha, na fedha alizipata kwa njia pekee aliyoijua: akazunguka miji ya Sweden akiimba. Yaani nauli ya kwenda kutibu koo ililipwa na koo lenyewe.

Tukitaka kuelewa alichokifanya García, tuanzie ndani ya kikoromeo. Tumezoea kusema "nyuzi za sauti", na jina hilo linatupoteza, kwa sababu mtu hufikiria nyuzi za gambusi zilizokazwa. Kilichomo ni mikunjo miwili ya nyama laini iliyolala ubavu kwa ubavu kwenye mlango wa bomba la pumzi. Tukivuta hewa hufunguka. Tukitaka kusema husogeleana, hewa ya mapafu huisukuma na kuiachanisha, nayo hurudi na kugongana, tena na tena. Kwa mwanamke anayezungumza kwa kawaida hugongana mara 200 hivi kwa sekunde. Mwimbaji wa soprano akipanda hadi noti ya la ya juu, ni mara 880. Fanya hesabu ya mwalimu wa kike ambaye, ukijumlisha vipande vyote vya usemi wake kwa siku, sauti yake imelia kwa saa moja tu: migongano 720,000. Hakuna kiungo kingine mwilini kinachopigwa hivyo kikaambiwa kesho kije tena saa moja na nusu asubuhi.

Kinachookoa ni ganda la mikunjo hiyo. Katika miaka ya 1970 daktari Minoru Hirano wa Japani alionyesha kwamba mkunjo una tabaka: chini msuli mgumu, juu yake ganda laini karibu kama uji ulioganda, na ganda hilo ndilo linalofanya mawimbi sauti inapolia. Likigongwa kwa nguvu kupita kiasi, huvimba. Likivimba, mikunjo haifungi vizuri, hewa inavuja katikati, sauti inakuwa na mkwaruzo. Mwenye sauti akisikia mkwaruzo anasukuma zaidi ili asikike. Akisukuma, uvimbe unaongezeka. Mzunguko huo ukidumu miezi, panapogongana sana panaota vinundu, kimoja kila upande, vinatazamana. Mshika jembe anavijua vitu hivi kwenye viganja vyake, ni sugu. Mara nyingi vinundu hivyo hulainika na kupungua vyenyewe ugongaji ukibadilishwa, kama kiganja kinavyolainika kwa mtu aliyeacha kulima.

García hakuyaona haya. Mwaka 1841 hapakuwa na chombo cha kutegemewa cha kutazama kikoromeo cha mtu aliye hai. Alikuwa na masikio, na alikuwa na historia yake mwenyewe. Baba yake, tena Manuel, ndiye mwimbaji ambaye mtunzi Rossini alimwandikia sehemu ya Almaviva katika Kinyozi wa Sevilla mwaka 1816. Familia ilipovuka bahari mwaka 1825 kupeleka opera ya Kiitalia New York, García mwana, kijana wa miaka 20, akapewa sehemu ya Figaro. Koo lake halikuhimili. Miaka michache baadaye aliachana na jukwaa, akafanya kazi katika hospitali za kijeshi za Ufaransa, akasoma maumbile ya koo, na mwaka 1840 akapeleka mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa andiko lake kuhusu sauti ya binadamu. Dada zake, Maria Malibran na Pauline Viardot, ndio waliobaki na sauti. Kwa hiyo aliyemhukumu Lind alikuwa mtu aliyeharibikiwa katika umri ule ule, na anajua inavyoanza.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa kimya. Wiki sita, asiimbe hata noti moja, na aseme kidogo iwezekanavyo, kisha arudi asikilizwe upya. Lind akazitumia kujifunza Kifaransa, kwa kitabu.

Hapa niseme kidogo kuhusu kimya, kwa sababu ndicho watu wanachodhani wanakifanya. Mtu aliyepwelea sauti huku kwetu huanza kunong'ona. Mnong'ono wa kulazimisha, ule wa kutaka usikike upande wa pili wa meza, hukaza misuli ya koo bila kuipumzisha. Halafu kuna tangawizi. Sina ugomvi na tangawizi, wala asali, wala karafuu ya kutafuna. Vinatuliza koo na vinamfanya mtu anywe maji moto, na mwili wenye maji ya kutosha hulilainisha ganda lile. Lakini tunapomeza, mlango wa bomba la pumzi hufungwa na kinachomezwa hupita njia ya chakula. Chai haiigusi mikunjo ya sauti hata kidogo. Ingekuwa inaigusa, tungekuwa tunakohoa kama tuliopaliwa. Kinachofika pale ni hewa, na ndiyo maana mvuke wa maji una manufaa ambayo kikombe chenyewe hakina.

Wiki sita zilizima moto. Hazikujenga nyumba. Nilifundisha miaka kadhaa darasa lenye watoto themanini na zaidi, na kila likizo sauti yangu ilirudi ikiwa safi. Kila muhula ulipofika wiki ya tatu ilikuwa imekwisha tena. Nilidhani nina koo bovu. Nilikuwa na koo zima na namna mbovu ya kulitumia, na likizo haikuigusa namna hiyo. Ndiyo sababu sehemu ya hadithi ya Lind inayopendwa, ile ya kimya na machozi, kwangu ni ndogo. Kazi ilikuwa miezi kumi iliyofuata.

Mwishoni mwa Agosti García alimsikiliza tena, akakuta kuna kitu cha kushika, akakubali kumpa masomo mara mbili kwa wiki. Barua alizoandika Lind kwenda nyumbani zinaonyesha alichofanyishwa, na mwimbaji wa opera aliyeshangiliwa na mji mzima lazima aliona aibu: skeli. Kupanda na kushuka, polepole, kwa uangalifu. Kisha mtetemo, ule wa kupokezanisha noti mbili jirani, nao polepole mno. Na mwalimu alikuwa mkali kuhusu pumzi.

Kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Pumzi kwanza, kwa kuwa ndiyo nyundo. Koo likichoka, mwili hujitetea kwa kuongeza hewa, nayo ni kama dereva aliyekwama kwenye mchanga akikanyaga mafuta. Lind kwa maumbile hakuwa na pumzi ndefu. Alichojifunza ni kuitoa kwa kipimo na kuijaza tena kimyakimya bila msikilizaji kujua, na miaka ya baadaye watu walistaajabia urefu wa vifungu vyake wakidhani ni kifua alichozaliwa nacho.

Skeli ya polepole nayo ni kipimo. Mtu akiimba haraka, noti mbovu hupita zimejificha kati ya nyingine. Akienda polepole, kila noti inasimama peke yake, na sikio linasikia pale hewa inapovuja, pale shingo inapokaza, pale sauti ya kifua inapokataa kuipokeza sauti ya kichwa. Mtetemo wa taratibu unafundisha jambo gumu zaidi: kubadili noti kwa misuli midogo ya kikoromeo inayovuta mikunjo, bila kuongeza msukumo wa hewa. Huenda tabia iliyomharibu Lind ilikuwa kupanda kwa nguvu za kifua, na zoezi likaipiga kwenye mzizi.

Kuna jambo moja ambalo García alilaumiwa nalo nusu karne nzima. Alifundisha kwamba noti ianze kwa mikunjo kufunga safi kabla ya hewa kupita, akakuita kufunga huko "pigo la glota", glota ikiwa ni upenyo ulio kati ya mikunjo. Wafuasi wakasikia neno "pigo" wakaanza kupiga kweli, kila noti na kishindo chake, makoo yakaumia. Yeye mwenyewe alikuwa ameonya kwamba lisichanganywe na msukumo wa kifua unaofanana na kikohozi. Nadhani kosa lilikuwa la jina. Fundi anayetaka mlango ufungwe vizuri asimwambie mwanafunzi aubamize.

Wataalamu wa tiba ya sauti wa leo wana kifaa ambacho García angekipenda: mrija wa soda. Mgonjwa anauweka kati ya midomo, anavuma kupitia humo, sauti ikipanda na kushuka kama king'ora, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Ufini walitumia mabomba ya kioo yaliyotumbukizwa majini tangu miaka ya 1960, na Marekani mwanasayansi Ingo Titze akaeleza hesabu zake. Tundu likiwa dogo, hewa inabanwa mdomoni na kusukuma kurudi nyuma, nayo inaiachanisha mikunjo kidogo tu, hivyo inatetema kwa kugusana badala ya kugongana. Koo linafanya kazi, ila bila nyundo. Anayetia ncha ya mrija kwenye glasi ya maji anaona hata viputo: vikija kwa utaratibu, pumzi imepimwa, vikiruka hovyo, anasukuma. Skeli za García zilitafuta jambo hilo hilo kwa njia ndefu, na mwalimu akiwa ndiye viputo.

Nisieleweke kwamba kisu ni adui. Kuna uvimbe usioondoka kwa mazoezi, na kuna saratani. Sauti iliyokwaruza wiki tatu au nne bila kupona inataka daktari wa masikio, pua na koo aingize kamera na kutazama kabla mtu hajaanza mrija wala skeli, hasa kwa mvutaji sigara. García alimpa binti wa watu wiki sita bila kujua kilichomo ndani. Leo angepaswa kulaumiwa. Lakini kisu nacho kina bei yake. Ganda likikatwa huweza kupona kwa kovu, na kovu halifanyi mawimbi. Julie Andrews, aliyeimba katika filamu ya The Sound of Music, alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 1997 na sauti yake ya kuimba haikurudi kama ilivyokuwa.

Ya Lind ilirudi, karibu yote. Oktoba 1842 alisimama tena Stockholm akaimba Norma, opera ile ile aliyoiimba kabla ya kuondoka, na watu wa mji wakaweza kupima wenyewe. Ikafuata Berlin, London mwaka 1847, kisha Marekani mwaka 1850 alikopelekwa na mwandaaji wa maonyesho P. T. Barnum. Hata hivyo wasikilizaji makini waliendelea kutaja noti chache za katikati ya sauti yake zilizobaki na ukungu. Za juu zilimeta, za katikati hazikutakata kamwe.

Septemba 1854, miaka 13 baada ya somo la kwanza, García akiwa Paris aliingia kwa muuza vifaa vya tiba, akanunua kwa faranga sita kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu. Akakipasha kwenye maji moto kisiingie ukungu, akakiweka nyuma kabisa ya mdomo wake, na kwa kioo kingine cha mkononi akaurushia mwanga wa jua. Akaona mikunjo miwili ikifunguka na kufunga. Koo la kwanza alilowahi kuliona likifanya kazi lilikuwa lile lililomwangusha mwenyewe jukwaani.